Kwa nini ndani ya Falme za Kiarabu kuna kipande cha Oman, na ndani ya kipande hicho kuna kipande cha Falme za Kiarabu?

Ukitoka Fujairah kwa barabara ya pwani kuelekea Khor Fakkan, kisha ukakata kushoto kuingia kwenye mabonde ya milima ya Hajar, baada ya mwendo mfupi bendera inabadilika, kituo cha polisi kinakuwa cha Oman, na hakuna aliyekuomba pasipoti. Umeingia Madha, eneo la kilomita za mraba zipatazo 75 ambalo ni mali ya Oman ingawa limezungukwa pande zote na Umoja wa Falme za Kiarabu. Endelea na bonde hilohilo na bendera inabadilika tena, kwa sababu sasa uko Nahwa, kijiji cha nyumba kama arobaini hivi ambacho ni cha Sharjah, yaani cha Falme za Kiarabu, nacho kimezungukwa pande zote na Madha. Nchi imo ndani ya nchi iliyomo ndani ya nchi. Tangu India na Bangladesh zilipobadilishana vipande vyao mwaka 2015, jambo la namna hii limebaki hapa na katika mji wa Baarle, mpakani mwa Ubelgiji na Uholanzi.

Nilipoiona ramani hii mara ya kwanza niliwaeleza wenzangu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba hiyo ni kazi ya Mwingereza na rula yake. Ofisa fulani, nilisema, alikaa London akiwa na kalamu nyekundu, akagawa nchi za watu asiowajua, akachoka kabla ya kumaliza. Maelezo hayo yalipokelewa vizuri, maana sisi wa Afrika Mashariki tunaujua mpaka unaotoka ziwa Victoria ukinyooka hadi Kilimanjaro na kupinda kidogo, kisha ukanyooka tena hadi baharini. Kosa langu lilikuwa wazi kwenye ramani yenyewe, ila sikuliona: rula haichori vipande vya namna ile. Anayetumia rula hupata mstari. Kipande kilichopinda kama doa la mafuta kwenye kanzu, tena kikiwa na doa jingine ndani yake, hakiwezi kuwa kazi ya mtu mvivu, maana kinahitaji bidii ya ajabu na maswali mengi.

Nijitetee kidogo. Rula ilikuwepo Arabuni, na bikari pia. Katika mkataba wa mwaka 1913 kati ya Uingereza na dola ya Uthmaniya, eneo la ndani la Kuwait lilipimwa kwa tao lenye nusu kipenyo cha maili 40 hivi kutoka mjini. Mkataba huo haukuwahi kuidhinishwa, kwa kuwa vita vilianza. Mwaka 1922, huko Uqair, Sir Percy Cox, mwakilishi mkuu wa Uingereza nchini Iraq, alichukua kalamu akachora mipaka kati ya Ibn Saud, aliyeiasisi Saudi Arabia baadaye, Iraq na Kuwait, na mahali ambapo wafugaji wa pande mbili walitegemea visima vilevile akaacha maeneo ya pamoja yasiyo ya yeyote. Kwa hiyo picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya kweli. Nilikuwa nimeitundika kwenye ukuta usio wake. Kule kwenye pwani ya masheikh, kutoka Abu Dhabi hadi Ras al-Khaimah na kuvuka milima hadi Fujairah, mambo yalikwenda kwa njia nyingine kabisa.

Sababu ya kwanza ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja Waingereza hawakutaka kuujua mpaka wowote wa nchi kavu pale. Walichokitaka kilikuwa bahari, njia ya meli zao kwenda India. Mkataba wa mwaka 1820, suluhu ya baharini ya mwaka 1853, na makubaliano ya mwaka 1892 ambayo yaliwazuia masheikh kushughulika na dola nyingine yoyote bila ridhaa ya Uingereza, yote yaliangalia mawimbi. Sheikh nani anamiliki bonde gani halikuwa swali la mtu yeyote mwenye meli.

Kilichobadilisha mambo ni ndege na mafuta. Ndege zilihitaji viwanja vya kutua kwa dharura, na ni kwa ajili ya kiwanja cha namna hiyo Kalba, mji wa pwani kusini mwa Fujairah, ilitambuliwa mwaka 1936 kuwa himaya kamili yenye mtawala wake. Mapema miaka ya 1950 ilirudishwa chini ya Sharjah, na sasa wengi hawajui kwamba iliwahi kuwa nchi. Mafuta yalikuwa na uzito zaidi. Kuanzia mwaka 1937 kampuni ya Petroleum Concessions ilianza kutia saini mikataba na masheikh mmoja mmoja, na mkataba wa kuchimba mafuta hauna maana kama hujui ardhi ya aliyetia saini inaishia wapi. Kampuni iliuliza swali ambalo kwa wenyeji halikuwa na jibu, kwa sababu lilikuwa swali la aina isiyokuwepo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na tusiharakishe. Mtawala wa pwani ile hakumiliki eneo. Alikuwa na watu. Utawala wake ulifika pale walipofika watu waliomtii, nao walihama na mifugo yao, walishuka pwani kuvua lulu wakati wa joto na kupanda milimani wakati wa kuvuna tende.

Chukua mfano wa Kariakoo. Tuseme amri imetoka leo kwamba mtaa wote ugawanywe kati ya Simba na Yanga, na kila nyumba iwe upande wa timu anayoishabikia mwenye nyumba. Karani anapita na daftari, anabisha hodi, anauliza, anaandika. Akimaliza, anapaka rangi: nyekundu kwa Simba, kijani kwa Yanga. Itatokea ramani gani? Madoadoa. Patakuwa na nyumba tatu za Yanga zilizozingirwa na Simba, na ua wa nyuma wa mojawapo utakuwa wa shemeji aliyeshikilia Simba yake hata baada ya kuoa Yanga. Mgeni atakayeiona ramani hiyo miaka hamsini baadaye atasema karani alikuwa mlevi. Kumbe karani alikuwa mwaminifu kuliko kawaida: aliandika alichoambiwa, nyumba kwa nyumba, na fujo iliyo kwenye ramani ni fujo iliyokuwa mtaani.

Mfano huu una kasoro moja, kwamba ushabiki wa mpira hauna gharama, lakini utii wa kabila ulikuwa na alama zake. Alama kubwa ilikuwa zaka. Mtu aliyetoa zaka ya tende zake au ya ngamia wake kwa mjumbe wa sheikh fulani alikuwa anatamka, bila kutia saini popote, kwamba huyo ndiye atakayemwamulia kesi yake na kumpelekea watu wenye bunduki atakapovamiwa. Kwa hiyo zaka ilifanya kazi kama risiti. Ukiweza kujua risiti zinaelekea kwa nani, umejua bonde ni la nani, na hatimaye unaweza kuizungushia rangi.

Karani wa hadithi yetu alikuwapo kweli. Aliitwa Julian Walker, ofisa kijana wa kidiplomasia aliyefika pwani ile mwaka 1953 na kupewa kazi ya kuchunguza mipaka ya falme. Alizunguka kwa gari na kwa ngamia, na milimani kwa miguu, akiuliza wazee nani anachukua zaka, nani anachunga wapi, kisima hiki kilichimbwa na nani. Maelezo yake yakawa msingi wa maamuzi ya Uingereza, na sehemu kubwa ya mipaka ya ndani ya Falme za Kiarabu inatokana na maelezo hayo. Ndiyo maana Ajman, ufalme mdogo kuliko wote, una Manama na Masfout mbali kabisa na pwani yake, ndiyo maana Dubai ina Hatta milimani, na ndiyo maana mji mmoja wa Dibba una sehemu tatu: moja ya Fujairah, moja ya Sharjah, na moja ya Oman.

Njia hii ilikuwa na udhaifu ambao haufai kufichwa. Risiti ya zaka inaweza kusomwa kwa namna nyingi. Kijiji kilichokuwa kati ya wakubwa wawili kiliweza kuwalipa wote wawili ili kilale salama, na anayelipa kwa hofu si sawa na anayelipa kwa utii. Katika mgogoro wa Buraimi, oasisi iliyo mpakani mwa Abu Dhabi na Oman, Saudi Arabia ilipeleka mbele ya baraza la usuluhishi la Geneva kumbukumbu zake za ukusanyaji wa zaka kuwa ushahidi kwamba oasisi ile ni yake, na Uingereza, kwa niaba ya Abu Dhabi na Muscat, yaani Oman ya leo, ikazipinga kwa ushahidi wake. Baraza lilivunjika Septemba 1955 kabla ya kuamua lolote, na mwezi uliofuata askari walio chini ya Waingereza wakaitwaa oasisi kwa nguvu. Isitoshe, utii hubadilika, ilhali rangi ya ramani haibadiliki: swali lililoulizwa kijijini asubuhi moja ya miaka ya 1950 likawa jibu la kudumu.

Kuhusu Madha na Nahwa zenyewe, masimulizi yanayorudiwa zaidi ni kwamba wazee walikutana, mwishoni mwa miaka ya 1930 au mwanzoni mwa miaka ya 1940, kuamua wawe chini ya nani. Wa Madha wakamchagua sultani wa Muscat, kwa kuwa alionekana mwenye uwezo wa kuwalinda wao na maji yao. Wa Nahwa wakabaki na ndugu zao wa ukoo wa Qawasim, watawala wa Sharjah. Yachukue kama masimulizi, kwa sababu tarehe zinayumba na kila upande una namna yake ya kuyasimulia. Lakini yanalingana vizuri na jinsi mambo yalivyokuwa yakiamuliwa, na mpaka wa eneo hilo uliwekwa rasmi mwaka 1969, miaka miwili kabla Waingereza hawajaondoka.

Kwetu sisi kuna ulinganisho wa karibu. Mwaka 1886 tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita mwambao wetu kuuliza swali lilelile: mamlaka ya sultani wa Zanzibar, wa ukoo uleule wa Al Busaid unaotawala Muscat, yanafika wapi? Wangelijibu kwa watu, ramani ya mrima ingejaa madoa hadi Tabora na Ujiji. Walilijibu kwa kipimo: maili 10 kutoka baharini, basi. Ukanda huo ulidumu kisheria upande wa Kenya hadi Desemba 1963, ukiwa umenyooka vizuri, na hakuna aliyebishiwa hodi.

Madoa ya Ghuba nayo hayakutulia mara moja. Watawala wa Dubai na Sharjah walikuwa wameahidi kwa maandishi kukubali uamuzi wa Waingereza, uamuzi ukatolewa mwaka 1956 na 1957, na bado mpaka wao ulifika mbele ya majaji wa kimataifa, waliotoa hukumu yao Oktoba 1981, wakati falme hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuwa nchi moja kwa miaka kumi. Majaji nao walilazimika kupitia upya makaratasi ya nani alimtii nani na nani alilipa nini. Nahwa haijawahi kupelekwa mbele ya majaji wowote. Mkazi wake akitaka kushuka pwani anapita Oman kwenda, na anapita Oman kurudi.