Matundu sita ya bansuri yanatoa noti nyingi kuliko unavyodhani

Wengi wanaamini bansuri, ile filimbi ya mwanzi ya muziki wa klasiki wa kaskazini mwa India, kwa kuwa ina matundu 6 tu ya vidole (zingine 7) basi noti zake ni chache na raga ngumu (raga ni mifumo ya melodi ya muziki huo) haiziwezi. Inaeleweka, haina hata kibonyezo kimoja. Ila mpigaji hazibi tundu lote kila saa, analiziba nusu, anatelezesha kidole taratibu na sauti inapanda bila kukatika, noti za katikati ndo zinapatikana hapo, halafu akibana midomo na kupuliza kwa kasi anahamia oktava ya juu, yaani noti zilezile kwa sauti nyembamba zaidi. Kucheki ni rahisi, fungua video yoyote ya bansuri, punguza spidi, kodolea vidole tu.