Jino haliumi ndo unasema ni zima? Maswali ya wazee kuhusu meno kuoza

Kwani mtu mzima naye meno yanaoza? Si mambo ya watoto na pipi?

Yanaoza sana tu. Umri ukienda fizi zinarudi nyuma, mzizi unabaki wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu linalofunika jino huku juu, ni laini, unaliwa haraka. Kwa wazee ndo uozo mwingi unaanzia hapo, pembeni kwenye mpaka wa fizi, doa la njano au kahawia ambalo mwenyewe kwenye kioo hulioni.

Mimi haliniumi, sasa nije kufanya nini?

Hili ndo nalisikia kila siku na kiukweli linanichosha. KUTOUMA SIO UZIMA. Kadiri unavyozeeka ile nafasi ya ndani ya jino yenye mishipa ya fahamu inazidi kuwa finyu, kwa hiyo jino linaoza kimya kimya bila kukuamsha usiku. Kuna mama alikuja amefunga kipande cha jino kwenye leso, limekatika usawa wa fizi anakula mkate laini kabisa, ananiambia daktari hili halijawahi kuniuma hata siku moja. Najua mama, na ndo maana hukuja. Angekuja mapema tungeziba, siku ile tuling'oa.

Mnajuaje nani yuko hatarini zaidi?

Kwanza nauliza kama umeoza jino lolote miaka miwili mitatu iliyopita, maana aliyeoza juzi ana nafasi kubwa ya kuoza tena. Halafu mate. Nikiweka kile kioo kidogo ndani ya shavu kikanasa badala ya kuteleza, hapo nishajua mdomo ni mkavu, na mdomo mkavu ni hatari kwelikweli kwa sababu mate ndo yanaosha meno na kupunguza makali ya tindikali. Kinachokausha mara nyingi ni dawa: baadhi ya za presha, za kukojoza, za aleji, za sonona, na mzee anakunywa nne tano kwa pamoja. Pia naangalia meno ya bandia ya kuvua, uchafu unajificha pale vikulabu vinaposhika, na kama vidole vinauma mswaki haushikiki vizuri. Kisukari nacho nauliza.

Basi niache dawa za presha?

Hapana! Usiache hata kidonge kimoja. Mwambie daktari aliyekuandikia kwamba mdomo unakauka, ataona kama kuna ya kubadilisha. Wewe kunywa maji mara kwa mara. Ila tafadhali sana acheni kumumunya pipi kulainisha mdomo, na ile chai ya sukari inayonywewa funda moja moja asubuhi mpaka jioni, kila funda meno yanaanza kuliwa upya.

Nyumbani nifanye nini?

Mswaki mara 2 kwa siku, ya usiku usiikose, na dawa ya meno yenye floridi, yale madini yanayokinga meno yasioze, soma boksi iwe ppm (kipimo cha wingi wa floridi) 1,350 hadi 1,500. Tema povu, usisukutue na maji, iache ifanye kazi. Ukiwa kwenye hatari kubwa tunaweza kukuandikia ya ppm 5,000 au kukupaka floridi hapa kliniki. Meno ya bandia vua usiku, yasafishe.

Baba anasema uzee ndo unang'oa meno, hakuna cha kufanya.

Shikamoo yake, lakini sio kweli. Uzee peke yake hauozeshi jino. Kinachoozesha ni bakteria na sukari, halafu mdomo mkavu unavirahisishia kazi.

Kwa hiyo nije lini?

Wakati haliumi! Narudia, wakati haliumi. Mwenye hatari kubwa kila miezi 3, wengine tutapanga kwa jinsi tutakavyokuta mdomo. Na ukija beba dawa zako zote na pakiti zake, usiniambie tu kile cheupe cha asubuhi.