Je, wajua kwa nini mtoto aliyechoka bado anataka kucheza?

Kwa miaka mingi niliamini jibu la mtaani: mtoto hucheza ili amalize nguvu. Mwache acheze kombolela jioni, atalala mapema. Sikukosea peke yangu. Katika karne ya 19 mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer aliandika kuwa mchezo ni njia ya kutumia nguvu zinazobaki mnyama akishashiba. Hoja tamu, na wazazi wanaipenda kwa sababu zao. Lakini nenda uwanjani saa kumi na mbili jioni. Mtoto yuko hoi, kaitwa mara tatu akaoge, macho yanafumba. Akisikia mwenzake anaanza kuhesabu, huyo, mbio kujificha. Nguvu zipi zilizozidi hapo? Tena mdako, ule wa kokoto na kishimo, hautoi hata jasho, na bado huchezwa mchana kutwa. Kama shida ingekuwa kuchosha mwili, kuchota maji kungetosha.

Kidokezo kimoja kimetoka kwa panya. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, akiwemo Sergio Pellis, walilinganisha panya wachanga waliokua na wenzao wa rika na wale waliowekwa na panya mkubwa, ambaye mieleka, mchezo wa panya wachanga, haimhusu sana. Nilitarajia seli za ubongo za waliocheza ziwe na matawi mengi zaidi. Kumbe, katika sehemu moja ya mbele ya ubongo, yalikuwa machache.

Mkulima wa kahawa hatashangaa. Mti usiopogolewa hujaa matawi, unapendeza kwa macho, lakini matawi hayo yananyang'anyana chakula na mavuno yanapungua. Ubongo mchanga nao huota miunganisho mingi kati ya seli zake kuliko utakayohitaji. Inayotumika hubaki, mingine huondoka. Na mkasi? Huenda ni mwenzako wa rika. Anakurukia usikotazamia, anakuangusha, nawe ukimbana mno bila kumpa zamu, anasusa.

Panya si watoto, bila shaka, wala hakuna atakayemtenga mtoto na wenzake ili apime ubongo wake. Hata kwa wanyama mambo hayajanyooka. Mwaka 1980 mtafiti wa tabia za wanyama Tim Caro alieleza kuwa paka waliokua bila vitu vya kuchezea waliwinda sawa na waliovipata. Kwa hiyo hata ile habari ya paka kurukia uzi ili ajifunze kuwinda, niliyoishika baada ya kuachana na Spencer, nimeiweka pembeni.