Mafunzo ya mpira wa kikapu: yanayosemwa na yaliyomo uwanjani

Ukisikiliza hotuba za kuwahamasisha vijana, mpira wa kikapu haukosi kutajwa. Shida ni kwamba nasaha nyingi huchotwa kwenye simulizi za nyota, si kwenye mchezo wenyewe. Anayeujua mchezo kwa sheria na vipimo vyake huondoka na mafunzo mengine kabisa, na kwa maoni yetu hayo ndiyo yanayomfaa mtu nje ya uwanja.

Dhana: Michael Jordan alifukuzwa kwenye timu ya shule, kisha akawa bingwa

Hakufukuzwa. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Laney mjini Wilmington, North Carolina, alijaribu kuingia timu kubwa ya shule asichaguliwe. Wakati huo alikuwa na urefu wa takriban sentimita 178. Mwanafunzi wa darasa lake aliyepandishwa alikaribia mita mbili, na timu ilihitaji mtu mrefu. Jordan aliwekwa timu ya pili ya shule hiyohiyo, akacheza msimu mzima, na mwaka uliofuata akapanda.

Tofauti hiyo ina uzito. Simulizi ya kufukuzwa humfundisha kijana kulea kinyongo hadi siku ya kuwaonyesha waliomkataa. Lakini alichopata Jordan ni dakika za kucheza, ambazo huenda angezikosa kwenye benchi la wakubwa. Aliyepewa nafasi ya chini kazini ajiulize jambo moja kabla ya kununa: hapa nitaifanya kazi yenyewe mara ngapi kwa wiki? Ikiwa ni nyingi, nafasi hiyo inafaa kuliko cheo cha kukaa na kutazama.

Dhana: Rusha mara nyingi, utajua tu

Hapa ndipo wengi hupoteza miaka. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na iko mita 3.05 kutoka chini. Mpira namba 7 una kipenyo cha takriban sentimita 24. Mpira ukishuka wima, una nafasi yote ya sentimita 45. Ukiingia kwa pembe ya nyuzi 45, uwazi unaoukabili hupungua hadi kama sentimita 32. Kwa nyuzi 30 hubaki sentimita 22.5, pungufu ya mpira wenyewe, kwa hiyo hauwezi kupita bila kugonga chuma. Mtu anayerusha mara 500 kwa siku mipira bapa, yaani inayokwenda chini bila kupanda, anajizoeza kosa, na kadiri anavyorudia ndivyo kosa linavyomkaa mwilini.

Zoezi lenye faida huanza karibu. Simama mita moja na nusu kutoka kwenye ringi, rusha kwa mkono mmoja, kiwiko kikiwa chini ya mpira, na kiganja kimalizie kikiwa kimeinama mbele. Ukifunga mara 5 mfululizo bila kugusa chuma, rudi nyuma hatua moja. Ukianza kusukuma mpira kwa bega, umekwenda mbali mno; rudi ulikotoka. Andika matokeo: umerusha mitupo mingapi, umefunga mingapi, na iliyokosa ilikwenda wapi. Inayofupika mara nyingi husababishwa na miguu iliyochoka. Inayokwenda kushoto au kulia huanzia kwenye kiwiko, au kwenye kidole gumba cha mkono wa pili kinachosukuma wakati kazi yake ni kushikilia tu.

Kisha rusha ukiwa umechoka. Kimbia uwanja mara mbili, simama kwenye mstari, rusha mitupo huru 2 (ile ya adhabu, isiyozuiwa na mtu), kimbia tena. Kwenye mchezo hakuna anayerusha 50 mfululizo akiwa ametulia. Sheria za kimataifa zinampa mrushaji sekunde 5 tangu akabidhiwe mpira na mwamuzi, kwa hiyo utaratibu wako utoshe humo: weka miguu, dunda mara mbili, vuta pumzi, tazama ringi, rusha. Mwanafunzi anayesoma daftari lake akiwa na muda wote duniani, bila hata siku moja kujibu maswali kwa saa iliyopimwa, anafanya kosa lilelile.

Dhana: Mtu akiijua njia bora ataifuata

Wilt Chamberlain, nyota wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, alikuwa mrushaji dhaifu wa mitupo huru maisha yake yote. Kwa wastani alifunga nusu tu. Katika msimu wa 1961–62 alirusha kwa mikono miwili kutokea chini, kati ya magoti, akafikia asilimia 61. Siku alipofunga pointi 100, tarehe 2 Machi 1962, alipata mitupo huru 28 kati ya 32. Baadaye aliuacha mtindo huo, na msimu wa 1967–68 alishuka hadi asilimia 38. Alikiri mwenyewe kwamba alijua anakosea, ila alijiona kituko mbele za watu. Rick Barry, nyota mwingine, alirusha kwa mtindo huohuo bila kujali kicheko, akamaliza na wastani wa karibu 90 kati ya 100.

Tunawaomba makocha na wazazi walitazame hili kwa makini. Mara nyingi kinachomzuia mtu ni aibu, wala si ujinga, na aibu haiondolewi kwa kumrudishia maelezo yaleyale. Mpe mahali pa kujaribu pasipo na watazamaji, na mwanzishe na mwenzake mmoja anayefanya hivyo bila haya.

Dhana: Bila urefu huna lako

Urefu ni faida kubwa na anayekataa anadanganya. Hata hivyo Muggsy Bogues, mwenye sentimita 160, alicheza misimu 14 katika NBA kwa kutoa pasi na kupokonya mipira iliyodundwa juu mno. Hakujaribu kazi za warefu.

Dhana: Sheria na muda hubana kipaji

Tarehe 22 Novemba 1950, katika NBA, Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hakukuwa na kikomo cha muda wa kushambulia, kwa hiyo waliushikilia mpira tu. Mwaka 1954 Danny Biasone, mmiliki wa timu ya Syracuse, alishawishi ligi iweke saa ya kupima kila shambulio. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mchezo wa dakika 48 una sekunde 2,880, mchezo wa kupendeza huwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili, na ukigawa unapata sekunde 24. Wastani wa pointi ulipanda msimu huohuo. Anayesema hafanyi kazi vizuri akiwekewa tarehe ya mwisho ajaribu kuigawa kazi yake vivyo hivyo: muda wote, idadi ya vipande, na jibu liandikwe ukutani.

Dhana: Anayefunga ndiye aliyefanya kazi

Tazama ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kuingia. Mtupo ukitoka, wengi huufuata mpira kwa macho, na hapo ndipo mpinzani huwapita mgongoni. Mlinzi aliyefundishwa humtafuta mtu wake kwanza. Hupiga hatua kumwendea, hugeuka kwa mguu mmoja hadi amgusishe mgongo, hukunja magoti, hupanua viwiko bila kushika, na hubaki hivyo mpaka mpira ugonge chuma. Mara nyingi mpira huangukia mikononi mwa mwenzake, na jina lake haliandikwi popote. Kocha mzuri huhesabu kazi hiyo kwa kalamu na kuitaja mbele ya timu.

Dhana: Ukikosea, fidia papo hapo

Aliyepokonywa mpira humrukia aliyempokonya na kucheza rafu, mita 20 kutoka kwenye ringi. Kosa moja limezaa la pili. Kwa sheria za kimataifa, rafu 5 humtoa mchezaji, na kuanzia rafu ya tano ya timu katika robo moja mpinzani hupewa mitupo huru 2. Aliyepokonywa anachotakiwa kufanya ni kukimbilia kwenye eneo la ringi yake akiwa ameupa mpira uso, kumtaja kwa sauti mpinzani atakayemkaba, na kuinua mikono. Kosa lenyewe lijadiliwe kwenye mapumziko, kwa video au ubao, wakati mapigo ya moyo yameshashuka.