Kiashiria cha kimolekuli ni nini? Mfano wa saratani ya Merkel

Kiashiria cha kimolekuli ni kitu kidogo sana mwilini, kama vile proteini, kipande cha jeni au kingamwili (proteini ambayo kinga ya mwili hutengeneza dhidi ya mvamizi) ndani ya damu, ambacho hupimwa maabara ili kitupe habari ya jambo lisiloonekana kwa macho. Wavuvi wa Kizingitini wakiona ndege wamekusanyika mahali pamoja juu ya maji, hujua chini yake kuna kundi la samaki kabla nyavu hazijashushwa. Daktari naye hutegemea viashiria kwa namna hiyo. Nitaeleza kwa kutumia saratani moja ya ngozi, ya nadra lakini kali mno, kwa sababu viashiria vyake vinafundisha mengi hata kwa mtu ambaye hatawahi kuiona.

Ni saratani ya seli za Merkel. Seli hizo zilielezwa na Mjerumani Friedrich Merkel mwaka 1875, na saratani yenyewe ikaelezwa na Cyril Toker mwaka 1972. Huanza kama kinundu kigumu kisichouma, chekundu, cha zambarau au chenye rangi ya ngozi yenyewe, mara nyingi usoni, shingoni au mikononi, palipopigwa jua miaka mingi. Hukua haraka, ndani ya wiki au miezi michache. Huwapata zaidi wazee na watu ambao kinga yao imedhoofika, wakiwemo wanaoishi na VVU. Marekani yote hupata wagonjwa wapya wapatao 3,000 tu kwa mwaka. Kwa hiyo mzee anayeunda majahazi Matondoni akiota kinundu shavuni, yaelekea ni kitu kingine. Hata saratani za ngozi zinazowaandama ndugu zetu wenye ualbino kwa kawaida si hii. Ila kwa macho hudhaniwa ni jipu au kifuko cha mafuta, na wakati unapita bure huku ugonjwa ukielekea kwenye mitoki, yaani tezi za kinga.

Hata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kikikatwa na kutazamwa kwa hadubini, utata haujaisha. Seli zake ni ndogo, zimesongamana, na zinafanana mno na za aina moja ya saratani ya mapafu ambayo nayo huweza kusambaa hadi ngozini. Hapo ndipo maabara hupaka rangi maalumu inayoshika proteini iitwayo CK20. Katika saratani ya Merkel, mara nyingi rangi hiyo hujikusanya kuwa kitone kimoja kando ya kiini cha seli. Kisha hutafutwa proteini ya pili, TTF-1, ambayo ile saratani ya mapafu huwa nayo mara nyingi, na Merkel kwa kawaida haina. Kwa maoni yangu hivi ndivyo viashiria vyenye thamani kuliko vyote katika ugonjwa huu, japo habari nyingi huandikwa juu ya jeni. Hubadilisha safari nzima ya mgonjwa: huyu wa Merkel atapasuliwa, mitoki yake ichunguzwe na pengine apigwe mionzi, yule wa mapafu atatafutiwa chanzo kifuani.

Kiashiria kilicholeta msisimko zaidi ni virusi. Mwaka 2008 maabara ya Yuan Chang na Patrick Moore, katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, iligundua virusi vya jamii iitwayo polioma ndani ya uvimbe huu. Wawili hao ndio waliogundua pia, mwaka 1994, virusi vinavyosababisha saratani ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki tunaijua kwa uchungu. Hivi vya Merkel watu wazima wengi duniani wamewahi kuvipata wala hawakuumwa chochote. Hatari huja pale virusi vinapojipachika ndani ya jeni za seli vikiwa vimekatika: haviwezi tena kuzaana, lakini proteini zao zinabaki kazini, zikiifunga ile iitwayo RB inayozuia seli kujigawa ovyo. Uvimbe upatao 8 kati ya 10 katika Marekani na Ulaya una virusi hivi. Usio navyo hujaa makovu ya jua kwenye jeni, na mara nyingi jeni za RB1 na TP53, ambazo huzuia seli kujigawa ovyo, zimeharibika.

Lakini kuwa na virusi au kutokuwa navyo hakuamui dawa. Avelumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huamsha kinga ya mwili ishambulie saratani, na imewasaidia wagonjwa wa makundi yote mawili. Kwa hiyo kabla ya familia kuuza shamba ili kulipia kipimo cha jeni, ina haki ya kumwuliza daktari: jibu likitoka hivi au vile, matibabu yatabadilika?

Kuna kipimo cha damu ambacho jibu lake lina kazi. Karibu nusu ya wagonjwa huwa na kingamwili dhidi ya proteini za virusi hivyo. Ugonjwa ukiondoka, kiwango hushuka. Kikianza kupanda tena, pengine saratani imerudi kabla hakijaonekana kinundu. Na hurudi kwa wagonjwa wapatao 4 kati ya 10, wengi ndani ya miaka 3 ya mwanzo. Ila damu ya kwanza lazima ichukuliwe mapema, karibu na wakati wa matibabu, la sivyo hakuna cha kulinganisha nacho.

Yote haya husimama juu ya kinyama chenyewe. Kinyama kinachokatwa Amu, kisiwani Lamu, kikapelekwa maabara ya mbali kitavuka kwa boti hadi Mokowe iliyo bara, kisha barabara ndefu, katika joto letu. Kitiwe mara moja ndani ya formalini (dawa ya maji inayohifadhi kinyama kisioze) ya kutosha, kama mara 10 ya ujazo wake, chupa ifungwe sawasawa na iandikwe jina la mgonjwa na mahali kilipotoka mwilini. Kikikauka au kikioza njiani, hata CK20 haitasomeka. Maabara itakizamisha ndani ya kibonge cha nta, na kibonge hicho hukaa miaka. Omba namba yake uitunze pamoja na majibu, maana vipimo vingine vinaweza kufanywa kutoka humo baadaye bila mgonjwa kukatwa tena.