Acheni Kuwanyang'anya Watoto Vitabu Vyepesi

Jumamosi iliyopita imetokea tena. Binti wa Kidato cha Kwanza alikuwa amekaa maktabani kwetu karibu na dirisha na kitabu chembamba cha hadithi ya Kiingereza iliyorahisishwa kwa wanaojifunza lugha, midomo ikichezacheza, kidole kikifuata mstari. Amefika ukurasa wa 14. Baba yake alipokuja kumchukua akakigeuza kile kitabu mbele na nyuma, akanijia kaunta. "Mama, huyu yuko sekondari sasa. Mpe kitabu cha maana, na kamusi." Binti akainamisha kichwa. Wakaondoka na riwaya ya kurasa 400, herufi kama chungu.

Hizo riwaya nazijua zinavyorudi: ukurasa wa tatu umekunjwa pembeni, baada ya hapo karatasi ni safi kama zimetoka dukani.

Neno hili la "kitabu cha maana" nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wakutubi wenzangu, na nimechoka nalo. Fanyeni hesabu. Ukurasa wa riwaya una maneno kama 300. Anayejua 90 katika kila 100 anakutana na mageni 30 kwenye ukurasa mmoja. Kila neno nusu dakika ya kamusi, robo saa imekwisha na aliyeuawa kwenye hadithi ameshasahaulika. Anayejua 98 katika kila 100 anakutana na mageni sita, na kadhaa kati ya hayo atayang'amua kwa yale yanayoyazunguka. Huko ndiko kujifunza kunakotokea. Hiyo 98 imetoka kwenye utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000. Mtafiti mwingine, Laufer, alikwishasema 95 mwaka 1989. Mimi siitumii kama sheria. Nimewaona watoto wakivuka maneno mengi kuliko hayo kwa sababu tu wanataka kujua mwizi ni nani. Lakini kwa 90 sijamwona aliyefika mwisho.

Sasa ngazi, ile namba ya ugumu ambayo mchapishaji huvipa vitabu hivi vyepesi, maana hapa ndipo tunapoharibu hata sisi wenye kazi yetu. Mwalimu anakuja: "Naomba vya ngazi ya tatu." Ngazi ya tatu ya nani? Kwenye mfululizo wa Oxford Bookworms ngazi ya tatu ni vidahizo 1,000, yaani maneno ya msingi kama yanavyoorodheshwa kwenye kamusi. Kwenye Penguin Readers za zamani, zile zilizojaa rafu zetu, ni 1,200. Ya kwanza huku ni 400, kule ni 300. Ukipanga kwa namba ya mchapishaji unamchanganya msomaji, anadhani amerudi nyuma kumbe kitabu ndicho kilichopanda. Mimi nabandika utepe wa rangi kwenye mgongo kwa idadi ya vidahizo, basi.

Na hata vidahizo visiwadanganye. "Go", "went" na "gone" ni kidahizo kimoja, sawa. Ila mtu anapekua kurasa mbili na kutangaza kwamba hakuna neno gumu humu. Mwanafunzi anaijua "put", anaijua "up", anaijua "with". Mpe "put up with" uone kama atajua kwamba maana yake ni "kuvumilia". Vitabu vyepesi vimejaa mambo ya namna hiyo, na hayakai kichwani kwa kukaririshwa orodha ubaoni. Yanakaa kwa kukutana nayo leo, kesho na wiki ijayo, katika hadithi tofauti. Kitabu kigumu hakimpi mtoto nafasi hiyo, kwa kuwa hasomi kurasa za kutosha kukutana na kitu mara ya pili.

Halafu tunaviweka wapi? Chumba cha watoto! Hivi ni vitabu vya vijana na watu wazima: mauaji, mapenzi, kesi mahakamani. Nina msomaji dereva wa bodaboda anayetaka Kiingereza cha kuzungumza na abiria wageni. Hataingia kukaa kwenye kiti cha chekechea mbele ya watoto wa darasa la pili. Viwekeni kwenye namba 428 ya mpangilio wa maktaba, penye vitabu vya lugha ya Kiingereza, kwenye rafu ya usawa wa macho.

Hili si geni kwetu. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha jinsi wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania walivyokuwa hawawezi kusoma masomo yao kwa Kiingereza, na mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ukapeleka masanduku ya vitabu vya ngazi mashuleni. Huko Fiji, watafiti Elley na Mangubhai walijaza vitabu vya hadithi katika madarasa ya vijijini. Matokeo yao ya 1983 yakaonyesha watoto hao wakipanda kusoma kwa kasi karibu mara mbili ya wenzao. Sanduku lenyewe halitoshi, lakini. Nimeingia shule moja nikalikuta limefungwa kufuli ofisini, vitabu visije vikapotea. Havijapotea. Havijasomwa pia.

Haraka ya baba yule naielewa. Mtoto amesoma hadi darasa la saba kwa Kiswahili, na kitabu cha baiolojia cha Kidato cha Kwanza hakimsubiri. Hadithi nyepesi haitamfundisha usanisinuru kwa Kiingereza, wala haitamfanya aandike insha. Insha inataka mwalimu mwenye kalamu nyekundu na muda, na kwa darasa la wanafunzi 80 muda huo sijui atautoa wapi. Wala sikatai kamusi. Nakataa kamusi iwe ndiyo kitabu.

Mzee, kama unasoma hapa: riwaya iacheni nyumbani hata mwezi mzima, sitatoza faini. Kile chembamba cha utepe wa kijani nimekiweka chini ya kaunta, na kikaratasi kiko ukurasa wa 14.