Tundu Kwenye Picha ya Mapafu si Jina la Ugonjwa

Dhana iliyoenea kuliko zote, na ninayoiona kuwa na madhara makubwa zaidi, ni kwamba picha ya eksirei ikionyesha doa jeupe au tundu sehemu ya juu ya pafu, basi mgonjwa ana kifua kikuu bila shaka. Ukweli ni kwamba eksirei huonyesha tu jinsi vitu vilivyoizuia mionzi kupita: hewa huonekana nyeusi, mfupa mweupe, na usaha, damu, maji na uvimbe wa saratani huacha weupe unaofanana sana. Matundu ya juu humfanya daktari akifikirie kifua kikuu kwanza, na ana haki katika nchi zetu ambako ugonjwa huo ni mwingi. Lakini tundu laweza kutokana na jipu la pafu au saratani. Ndiyo maana makohozi hupimwa, kwa hadubini au kwa kipimo cha GeneXpert, ambacho Shirika la Afya Duniani liliidhinisha mwishoni mwa 2010. Kipimo hicho hueleza pia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, jambo ambalo hakuna picha inayoweza kulionyesha.

Wapo pia wanaodhani kwamba aliyepona kifua kikuu hurudi kuwa na picha safi. Wengi hubaki na makovu maisha yao yote, na picha moja peke yake haitoshi kutofautisha kwa uhakika kovu lililotulia na ugonjwa ulioamka. Picha ya zamani ikiwekwa kando ya mpya husaidia kuliko maelezo mengi, kwa hiyo nawasihi wagonjwa wazitunze picha zao. Mchimbaji wa tanzanite wa Mererani, kaskazini mwa Tanzania, aliyevuta vumbi la mawe lenye silika kwa miaka mingi naye huweza kuwa na vinundu vidogo vilivyotapakaa sehemu za juu za mapafu yote mawili, vinavyofanana na kifua kikuu. Na kwa kuwa silika huongeza hatari ya kifua kikuu chenyewe, ugonjwa wa vumbi hilo na kifua kikuu vyaweza kukaa katika kifua kimoja. Asiyemuuliza mgonjwa kazi yake huisoma picha hiyo nusu.

Kinyume chake ni imani kwamba picha safi ni mapafu mazima. Matundu hujengwa kwa sehemu kubwa na mapambano ya kinga ya mwili dhidi ya vimelea, hivyo mtu anayeishi na VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu bila tundu lolote, akiwa na madoa sehemu za chini tu, tezi zilizovimba katikati ya kifua, au picha isiyo na kasoro kabisa. Mwenye pumu naye mara nyingi picha yake huwa ya kawaida.

Kuhusu moyo unaosemwa umepanuka, ni vyema kuuliza picha ilipigwaje: mgonjwa aliyepigwa akiwa amelala, mionzi ikitoka mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hata nywele zilizosukwa zikiangukia bega huweza kuleta weupe juu ya pafu, kwa hiyo zifungwe juu kabla ya kupigwa.

Hofu ya mionzi haina uzito unaopewa. Picha moja ya kifua kwa mtu mzima ni takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.1 au pungufu, kiasi ambacho mwili hukipata kutoka kwenye mazingira ya kawaida kwa siku kumi na kitu.

Mwisho, doa la nimonia linalobaki baada ya homa kuisha si ushahidi kwamba dawa zimeshindwa, kwani picha huchelewa kusafika kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, mvutaji sigara aliyezidi miaka 50 apigwe picha nyingine baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu nyuma ya nimonia huweza kujificha uvimbe unaoziba njia ya hewa.